Je, Wajua? Sikoseli na kirusi kinachosimamisha damu

JE, WAJUA kwamba chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, lakini ya mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, hudumu siku 10 hadi 20 tu? Uboho wa mtoto mwenye selimundu unatengeneza damu mchana na usiku bila kupumzika.

Kwamba kipo kirusi kinachousimamisha? Kinaitwa parvo B19. Yvonne Cossart alikigundua London mwaka 1975 akipima damu kwa ajili ya homa ya ini. Sampuli ilikuwa namba 19 katika kundi B, na jina likabaki hilo.

Mtoto asiye na selimundu hupata homa kidogo na mafua, kisha anarudi kucheza. Mwenye selimundu, uboho ukisimama wiki moja au siku kumi, anapauka viganja na midomo, anahema kwa hatua chache, moyo unamwenda mbio. Hapa Nyarugusu ya Geita, kila homa tunaiita malaria. Mpime malaria, ndiyo, lakini mama, omba na wingi wa damu upimwe siku hiyohiyo. Huenda akahitaji kuongezewa damu, na hiyo haingoji kesho.

Kwamba kirusi hiki hupita kwa chafya na kikohozi? Fikiria chumba kimoja cha kupanga karibu na mwalo, watu sita kwenye mikeka miwili. Jamaica, madaktari waliona ndugu wa nyumba moja wenye selimundu wakiishiwa damu siku zilezile au wakipishana wiki chache. Akipauka Kulwa, mpeleke na Doto. Na kama mama ni mjamzito, amwambie mkunga, maana B19 huweza kumpunguzia damu hata mtoto aliye tumboni.

Kwamba aliyekwisha kuugua B19 kwa kawaida haugui tena? Lakini kuna wanaobaki na madhara: kiharusi wiki chache baadaye, au figo kuanza kuvujisha protini. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukitoka na povu, rudi hospitali hata kama mtoto anasema amepona.

Kwamba hakuna wa kulaumiwa peke yake? Mtoto hurithi selimundu kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Inaniuma kila nikisikia mke amerudishwa kwao kwa sababu hii.

Kwamba kati ya 2017 na 2018, matone ya damu ya watoto 17,200 wa kaskazini magharibi, yaliyopelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, kupimwa VVU, yalipimwa pia selimundu? Watoto 20 hivi katika kila 100 walikuwa wabebaji; 1 hivi alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Na tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli limeunganisha Kigongo na Busisi. Mgonjwa wa rufaa kutoka Geita kwenda Bugando hasubiri tena kivuko.