Bibi mwenye rovu asipewe dawa ya madini joto kienyeji

Swali linalonifikia sana hapa Mpwapwa ni hili: bibi ana rovu la miaka mingi, tumnunulie dawa ya madini joto lipungue? Jibu fupi ni HAPANA, apimwe kwanza.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi yenye madini joto inatosha. Wazee wanavikumbuka vile vidonge vya mafuta vilivyogawiwa kuanzia 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990 kwenye wilaya zenye rovu, Mpwapwa ikiwemo. Dozi moja ilikuwa miligramu 380, yaani mahitaji ya karibu miaka 7 kwa mpigo! Walilengwa wenye miaka 2 hadi 45. Waliozidi hapo kuachwa haikuwa ubahili.

Rovu la siku nyingi huota vinundu, na baadhi havisikii tena amri ya mwili. Ukivipa madini joto mengi vinatengeneza homoni bila breki. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, mtu anakula huku anakonda. Kwa mzee moyo unaweza kushindwa kabisa. Miaka ya 1990 wagonjwa wa hivyo walionekana Zimbabwe na kule Kivu, Kongo ya mashariki, baada ya chumvi yenye madini joto kuingia. Ila msiiache chumvi jamani! Bila hiyo watoto ndio wanaoumia zaidi.

Sasa kuna dawa nyingine anazomeza bibi. Matone na vidonge vingi vya madini joto vina potasiamu. Enalaprili na kaptoprili za presha, pamoja na spironolaktoni, huibakiza potasiamu mwilini. Zikikutana na dozi kubwa, mapigo ya moyo yanavurugika. Figo zikiwa mbovu ndiyo balaa. Lithiamu ya wagonjwa wa akili ikiungana na madini joto hulaza tezi: uchovu, baridi, uso kuvimba. Amiodaroni ya moyo yenyewe tayari ina madini joto, kidonge cha miligramu 200 kinabeba kama 75.

Na ile ya kahawia ya kupaka vidonda si ya kunywa, hata kama jirani kasema.

Ukimpeleka hospitali beba pakiti zote za dawa zake, hata zilizobaki nusu, umwonyeshe daktari. Ulizia kipimo cha damu cha homoni za tezi. Kama rovu linambana pumzi au chakula hakipiti, usingoje kesho.