Herufi bubu nazo zina la kusema

Mtoto wa Kenya aliyefunzwa kusoma kwa Kiswahili huwa na imani kubwa na herufi. Akiiona huitamka, na akiisikia huiandika. Kisha huingia katika kipindi cha Kiingereza na kukumbana na neno "wrong". Mwalimu anatamka r, ilhali ubaoni pametangulia w. Mtoto akiandika alivyosikia, wino mwekundu hupita juu ya kazi yake, naye huambiwa kwamba w hiyo haitamkwi, akariri tu. Basi orodha ya maneno hupangwa kwa alfabeti, hukaririwa usiku, huandikwa katika imla asubuhi, na Ijumaa haifiki kabla haijasahaulika.

Kosa, kwa maoni yangu, si la mtoto wala si la herufi. Ni letu sisi walimu tuliozoea kuifundisha herufi bubu kana kwamba ni takataka iliyosahaulika ndani ya neno, ilhali aghalabu ndiyo alama ya ukoo wake.

Hebu tuyatazame maneno yaanzayo kwa wr. "Wring" ni kusongoa, kama mtu asongoavyo nguo baada ya kuifua. "Wrist" ni kifundo cha mkono, pale kiganja kinapozungukia. "Wrench" ni kupopotoa kwa nguvu, na Wamarekani huliita hivyo hivyo chombo ambacho mafundi wetu hukiita spana. "Wrestle" ni kupigana mieleka, "wreath" ni shada lililosukwa likazunguka, "wrinkle" ni kunyanzi, na "writhe" ni kujinyonganyonga kwa maumivu. Kila neno hapa lina kupinda au kuzunguka ndani yake. Jambo hili halikugunduliwa jana. John Wallis, yule mwanahisabati wa Oxford aliyetupa alama ya kitu kisicho na kikomo, alilitaja katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini na kuichapisha mwaka 1653. Na w yenyewe haikuwa bubu tangu hapo. Waingereza wa miaka elfu moja iliyopita waliitamka pamoja na r. Kufikia karne ya 18 ulimi ulikuwa umekwisha kuiacha, ila kalamu na matbaa ziliihifadhi.

Sasa turudi kwa lile neno lililomtia mtoto mashakani. "Wrong" hapo asili ni kitu kilichopinda, nalo ni ndugu wa damu wa "wring". Kinyume chake, "right", ni kitu kilichonyooka. Hapa mwalimu wa Kiswahili na yule wa Kiingereza, ambao mara nyingi huketi chumba kimoja bila kuulizana habari za masomo yao, wangeweza kabisa kufundisha somo moja. Kwani sisi nasi tuna kitenzi "potoa", yaani kukipinda kitu hata kikaacha umbo lake, na humo tumepata "upotovu" na "mpotovu". Tuna "nyoka", kwa maana ya kuwa bila kombo, na humo tumepata "unyofu" na "mnyofu". Mataifa mawili yasiyojuana yaliutazama uovu yakaona kombo, yakautazama wema yakaona mstari. Mwanafunzi aliyeonyeshwa haya hana haja ya kuikariri w, ataikumbuka.

Kn nayo ina ukoo wake, ingawa si mkubwa kama ule wa kwanza: "knee" ni goti, "knot" ni fundo, "knob" ni kinundu cha kushikia mlango, "knuckle" ni kifundo cha kidole. Yote ni mambo yaliyovimba na kujikusanya. Kijerumani, jamaa wa karibu wa Kiingereza, kingali kinaitamka k hiyo katika "Knie" na "Knoten". Mswahili ana fundo la kamba, ana kifundo cha mguu, na mwenye kinyongo husemwa ana fundo moyoni.

Kuna koo nyingine ambazo herufi zake zote hutamkwa. Gl ni ya mwanga: "glow", "gleam", "glitter". Sn ni ya pua: "snore" ni kukoroma, "sniff" ni kunusa, "snout" ni pua ya mnyama kama nguruwe, na "snot", kunradhi, ni kamasi. "Sneeze", kupiga chafya, lina kisa cha pekee kwa kuwa halikuzaliwa humo. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliliandika kwa fn. Baadaye maneno ya fn yakazidi kuadimika, na isitoshe s ndefu ya maandishi ya kale ilifanana mno na f. Neno likabaki yatima, likahamia kwa majirani waliokuwa tayari wakizungumzia pua.

Mwanaisimu J.R. Firth alizipa sauti za namna hii jina la fonesthemu mwaka 1930. Sidai kwamba sn na pua zina udugu wa kimaumbile. Mswahili hunusa na kukoroma bila sn yoyote. Udugu huo umejengwa na Waingereza kwa mazoea ya karne nyingi, lakini u hai vichwani mwao. Majaribio aliyoyachapisha Benjamin Bergen mwaka 2004 yalionyesha kuwa wazungumzaji wa Kiingereza hulitambua upesi zaidi neno la ukoo kama huu wakiwa wametangulia kuonyeshwa jingine la ukoo uo huo. Sisi kazi hiyo ya kuoanisha sauti na maana huipa tanakali, neno zima linalosimama peke yake: chubwi, tifu, pyu. Wao wameificha katika herufi mbili.

Naonya, hata hivyo, dhidi ya mwalimu atakayeondoka hapa akibuni nasaba. "Snow" ni theluji, haina pua. "Glove", glavu ya mkononi, haiangazi. "Knife" ni kisu na "wren" ni kindege kidogo, nayo hayamo katika koo nilizozitaja. Kabla ya kudai udugu, afungue kamusi inayoeleza asili ya maneno.

Najua nitaambiwa kwamba muhtasari ni mrefu na kipindi ni cha dakika 40. Lakini jambo hili halitaki zaidi ya ubao uliogawanywa mara mbili, ndugu upande mmoja na wageni upande wa pili. "Write" itaangukia kwa wageni. Mwanafunzi akiuliza imefikaje huko, aelezwe kwamba maana yake ya kwanza ni kukwaruza, kwa kuwa kabla ya wino na karatasi kuwafikia, mababu wa Waingereza walizichonga herufi zao juu ya mbao na mawe.