Farasi Asiyejua Kusimama

Farasi wa mbio hapandwi akiwa amesimama. Huwa anatembea, saisi ameshika hatamu upande mmoja, na joki hushikwa goti na mtu mwingine, akarushwa juu na kutua mgongoni bila mnyama kukatiza mwendo. Ndivyo alivyozoezwa tangu akiwa na miaka miwili. Kwake yeye, uzito ukigusa mgongo, kazi imeanza.

Sasa mtu amnunue farasi huyo ili ampande kwa starehe siku za Jumamosi. Amesogeza kigogo cha ngazi tatu, ametia mguu wa kushoto kwenye kikuku, na kabla hajavusha wa kulia farasi ameshaondoka. Mnunuzi anavuta hatamu. Farasi anaegemea lijamu na kuongeza kasi, kwa kuwa uwanjani hatamu ikikazwa ina maana joki amejiweka sawa na muda wa kukimbia umefika. Mnunuzi anaingiwa na hofu, anabana magoti. Farasi anayasikia magoti hayo nayo, anazidi kukimbia. Jioni mtu huyo anawaambia wenzake kwamba ameuziwa farasi mkaidi.

Nilielezwa jambo hili katika zizi moja upande wa Karen, Nairobi, nilikokwenda kuuliza habari za bei ya nyasi za Boma Rhodes. Habari ya nyasi niliiandika ikaisha. Hii ya farasi asiyejua kusimama ilikataa kunitoka, nikarudi kwa ajili yake.

Aliyenieleza ni saisi mwenye mvi, mtu wa maneno machache, ambaye amewatunza farasi wa mbio na wa polo tangu ujana wake. Ameomba nisimtaje jina, maana riziki yake inawategemea wanaouza farasi na wanaonunua, na wote wanasoma gazeti.

“Huyu kijana hana kosa,” aliniambia, akimaanisha farasi wa kahawia aliyekuwa mbele yetu. Farasi wote madume huwaita vijana. “Watu wanasema hajui kitu. Anajua sana. Anajibu maswali aliyoulizwa kule alikotoka, na sisi tunamuuliza mengine.”

Kule alikotoka ni Ngong, uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 1954, ambao wakazi wa Nairobi wanaujua hata kama hawajawahi kuweka dau. Maisha ya uwanjani ni mafupi. Farasi huanza mbio akiwa na miaka miwili au mitatu, na wengi huacha kabla ya kutimiza minane, kwa kuumia au kwa kushindwa mara nyingi. Farasi anayetunzwa vizuri huweza kufika miaka 25 na kuipita. Sehemu kubwa ya maisha yake, basi, huja baada ya mbio, na mara nyingi mikononi mwa mtu asiyejua alichofunzwa hapo mwanzo.

Mwenye farasi huyu ni mama mmoja mwenye kazi ya ofisini mjini, aliyejifunza kupanda ukubwani na kuweka akiba kwa muda mrefu hadi akapata farasi wake mwenyewe. Alipomleta zizini alitaka kumpanda wiki hiyo hiyo. Saisi alimwomba asubiri. Alimwambia, “Mama, nipe tumbo lake kwanza.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Ni tumbo kweli. Tumbo la farasi humwaga tindikali usiku na mchana, ale asile, kwa sababu limeumbwa kwa mnyama anayechunga nyasi sehemu kubwa ya siku. Farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi ili apate nguvu za haraka, na nyasi kidogo. Matokeo yake madaktari wa mifugo wanayajua vizuri: vidonda vya tumbo ni jambo la kawaida kwa farasi walio kwenye mazoezi ya mbio. Saisi huyu huvitafuta kwa njia yake. Hufunga ukanda wa tandiko polepole, tundu moja baada ya jingine, macho yake yakiwa kwenye masikio. Masikio yakilazwa nyuma na mkia ukapigwa, anafungua na kumwita daktari. Wapo farasi, asema, wanaoondoka wakipandwa kwa sababu ya mazoea, na wapo wanaoondoka kwa sababu kupandwa kunauma. Ukimwadhibu huyo wa pili umemfundisha kwamba mtu ni maumivu.

Wa kahawia alitibiwa, akapunguziwa nafaka, akarundikiwa nyasi. Baada ya hapo ndipo kigogo kilipoletwa, na hiyo ndiyo kazi niliyokwenda kuiona.

Mtu mwenye haraka angeapa kwamba hakuna kinachofanyika. Mzee anasimama kando ya farasi, kamba imelegea mkononi. Farasi akisogea mbele hatua moja, anamrudisha hatua moja, bila neno, bila kuvuta kwa nguvu. Akitulia, anamkuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno, kisha anaacha. Tandiko halipo. Kigogo kipo tu, kimewekwa karibu.

Kisha anapanda ngazi ya kwanza, anashuka. Anapanda ya pili, anashuka. Nilimuuliza anamfundisha nini kwa kupanda na kushuka vile. Akaniita nisimame karibu na bega la farasi, akaniambia nilitazame jicho. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Kila aliposimama, mtu kwake amekuwa kiumbe anayetembea ardhini kando yake. Sasa mtu huyo anainuka, anakuwa mrefu, anatokea juu ya mgongo pale ambapo simba angetokea, na akishapanda anaonekana pia kwenye jicho la kulia, ambako farasi hakumzoea kwa kuwa miaka yote watu wamemhudumia kutoka kushoto. Mzee humpa kila jicho nafasi yake. Hupanda kigogo upande wa kushoto, halafu hukihamishia kulia na kuanza upya kana kwamba ni farasi mwingine.

Siku nyingine hulaza mkono mgongoni. Siku nyingine hulala kifudifudi juu yake, miguu ikining’inia, kisha hushuka. Huleta tandiko. Hutia mguu kwenye kikuku, hukibebesha uzito, huutoa. Na siku anapokaa kweli mgongoni haendi popote. Hatamu zimelegea, mikono iko kwenye manyoya ya shingo, na anangoja.

Anachokingojea nilionyeshwa kwa kidole, maana peke yangu nisingekiona. Kwanza kichwa kinashuka kidogo. Baadaye midomo inalegea, taya zinatafuna hewa. Mwisho kabisa mguu mmoja wa nyuma unakunjwa, ncha ya kwato ikigusa ardhi, uzito wote ukihamia mguu wa pili. Farasi anayetarajia kukimbia hawezi kusimama hivyo. Mguu ukikunjwa, mzee anashuka papo hapo, na somo la siku limekwisha. Hata kama limechukua dakika tano. Hata kama mwenye farasi amesafiri kutoka mjini kuja kulitazama.

“Kwa nini usimshikilie tu asiondoke, mzee?”

“Mwanangu, ukimshikilia, anayesimama ni wewe.”

Nilimsimulia habari za Hans, farasi wa Berlin aliyekuwa gumzo mwaka 1904. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, aliamini amemfundisha hesabu. Akiulizwa jumla, Hans alipiga kwato hadi kufikia jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake: farasi hakujua hesabu, ila aliwasoma waulizaji. Alipofikia namba sahihi, mtu aliinua kichwa au kulegeza bega kiasi kidogo mno, bila yeye mwenyewe kujua, na Hans akaacha kupiga. Hata von Osten hakujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitoa majibu.

Mzee hakushangaa hata kidogo. Alichotaka kujua ni kilichompata farasi baadaye. Nikamwambia von Osten alifariki mwaka 1909, na Hans akaenda kwa mfanyabiashara wa Elberfeld, Karl Krall. Mzee alifikiri kidogo. “Huyo mpya alianza na maswali yake mwenyewe,” akasema, “na farasi akaanza kumsoma upya.”

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli wa zizi lile. Wa kahawia sasa anasimama kwa mzee. Kwa mama mwenye mali bado. Nilikuwapo Jumamosi moja alipojaribu: farasi alitulia hadi mguu wa kulia ulipovuka, akasimama kwa pumzi chache, akaondoka. Mama hakuvuta hatamu, na hilo peke yake lilimfurahisha mzee kuliko kitu chochote nilichoona wiki ile. Mama mwenyewe alikuwa na huzuni usoni, na sikumlaumu. Amelipa bei ya farasi, analipa nyasi, daktari na mwenye kufua chuma cha kwato, na moyo wa mnyama unaelekea kwa mtu mwingine.

Mzee humwomba aje siku za kazi, hata kwa nusu saa, bila tandiko. Aje amlishe, amtembeze, amkune, aondoke. Tatizo ni foleni ya Ngong Road na ofisi. Akiwahi kutoka, saa kumi na moja jioni farasi wanaingizwa mabandani kwa sababu ya visubi, wale wadudu wanaoeneza maradhi ya farasi ya Afrika. Anabaki na Jumamosi, na Jumamosi nyingine anafika akiwa na hasira za barabarani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha kwamba farasi akioneshwa picha ya mtu aliyekunja uso, humkumbuka saa chache baadaye anapomwona ana kwa ana, hata uso ukiwa umetulia. Mzee ana njia fupi ya kulisema hilo: mama akifika na foleni usoni, kijana anajua kabla hajafungiwa tandiko.

Je, farasi anaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi mtu kama hati ya gari? Nilimuuliza mzee iwapo naye huumia wanapouzwa. Akasema hajawahi kumiliki farasi hata mmoja, kisha akaendelea kusafisha kwato. Nilipouliza wanaokosa mnunuzi baada ya mbio huishia wapi, akataja shule za kupanda, polo, na mashamba ya kuzalishia. Na waliobaki? Swali hilo, akasema, nimpelekee mwenye farasi, nisimpelekee saisi.

Kuna jambo moja aliloniomba niliandike. Farasi akiuzwa huja na karatasi za ukoo na chanjo. Yeye anataka nyingine: alipandwa akitembea au amesimama, alilishwa nini na saa ngapi, alitishwa na nini, alilala jirani na nani. Anayeyajua hayo yote ni saisi wa kule alikotoka, na hakuna anayemuuliza. Kwa huyu wa kahawia, mzee ilibidi amtafute mwenzake kwa simu, namba ikipita mikono mingi. Alichoambiwa ni kwamba kijana alikuwa akilala bandani na mbuzi, kama baadhi ya farasi wa mbio wanavyopewa mwenzi wa kuwatuliza, na mbuzi hakuuzwa pamoja naye. Usiku huo mzee alielewa kwa nini farasi huzunguka banda hadi alfajiri.

Mama amekubali. Mbuzi anatafutwa sokoni Kiserian.