Jinsi Kiwanja cha Wembley Kilivyokaa Miaka Sita Bila Mpira

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2000, mvua ilikuwa ikinyesha mjini London, na watu zaidi ya sabini elfu walikuwa wameketi katika kiwanja cha Wembley kutazama mchezo wa mwisho wa kiwanja kile cha zamani. Waingereza walicheza na Wajerumani. Mjerumani mmoja, Dietmar Hamann, aliupiga mpira kutoka mbali, ukateleza juu ya majani yaliyolowa, ukaingia golini; na hilo likawa goli la pekee siku ile. Bwana Kevin Keegan, aliyekuwa mkufunzi wa timu ya Uingereza, alijiuzulu kabla hata ya kutoka kiwanjani. Kisha milango ikafungwa.

Watu walikuwa wameambiwa ya kwamba kiwanja kitabomolewa upesi, na kingine kilicho bora zaidi kitajengwa mahali pale pale. Lakini karibu miaka miwili ilipita kabla ya kazi ya kubomoa kuanza, na mpira haukuchezwa tena hapo mbele ya watazamaji mpaka mwezi wa Machi 2007. Katika muda huo wote Waingereza, ambao ndio waliouandikia mchezo huu sheria zake, hawakuwa na kiwanja cha taifa cha kuchezea. Yafaa tueleze jinsi jambo hili lilivyotokea, maana si kwamba nchi ile ilikosa fedha, wala haikukosa mafundi.

Kiwanja cha kwanza kilijengwa kwa muda wa siku 300 tu, kwa gharama ipatayo pauni 750,000, kwa ajili ya Maonyesho ya Dola ya Waingereza yaliyofanywa mwaka 1924. Kilifunguliwa tarehe 28 Aprili 1923, siku Bolton Wanderers walipowafunga West Ham magoli mawili kwa sifuri. Siku hiyo waliohesabiwa mlangoni walikuwa watu 126,047, lakini wengi mno waliruka kuta wakajaa hata ndani ya uwanja wenyewe, na polisi mmoja aliyepanda farasi mweupe aliwasukuma polepole mpaka mistari ya uwanja ikaonekana tena. Hapo ndipo michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948 ilipofanywa, na hapo Waingereza walitwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Minara yake miwili meupe ilijulikana duniani kote. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1990 mahali penyewe palikuwa pamechakaa: nguzo zilizuia macho ya watazamaji, na vyoo vilikuwa vya kuaibisha.

Basi mwaka 1996 Baraza la Michezo la Uingereza lilitafuta mji utakaopewa kiwanja kipya cha taifa. Birmingham, Manchester na miji mingine iliomba, na Wembley ndiyo iliyochaguliwa. Fedha za kuanzia zilitoka katika bahati nasibu ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo sehemu ya mapato yake hutengwa kwa ajili ya michezo. Msomaji akumbuke jambo hili, kwa sababu ugomvi wote uliofuata una mizizi yake hapa. Fedha za bahati nasibu si za Waziri wala si za chama cha mpira; ni shilingi za mtu wa kawaida aliyenunua tikiti dukani. Mwaka 1999 pauni milioni 120 zilitolewa, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zikatumika kununua kiwanja kile cha zamani tu, kabla ya jiwe moja kuwekwa.

Sharti la fedha hizo lilikuwa kwamba kiwanja kipya kitumike kwa mpira wa miguu, kwa raga na kwa riadha pia. Hapo ndipo mashaka yalipoingia, maana fahali wawili hawakai zizi moja. Mpira wa miguu hutaka watazamaji wawe karibu na mstari, ilhali riadha hutaka njia pana ya kukimbilia kuuzunguka uwanja wote. Ukiweka njia hiyo, mtu wa mpira huketi mbali kama anayetazama mchezo kutoka kilima cha jirani. Wachoraji wa majengo walitoa shauri la werevu: kiwanja kijengwe kwa ajili ya mpira, na siku za riadha jukwaa kubwa lijengwe juu ya majani na juu ya viti vya chini, na njia ya kukimbilia iwekwe juu ya jukwaa hilo. Jukwaa lingegharimu mamilioni ya pauni kila mara, lingetaka muda mrefu wa kuliweka na kuliondoa, na viti vingi vingefunikwa. Lakini walisema lawezekana.

Wakuu wa mpira walilikubali. Wakuu wa riadha walilitazama kwa mashaka. Waziri wa Michezo na Utamaduni wakati ule, Bwana Chris Smith, alikuwapo picha za kiwanja zilipoonyeshwa mwaka 1999, na alizisifu. Miezi michache baadaye aliwataka wataalamu wengine walichunguze jukwaa lile, nao wakasema halifai kwa michezo ya Olimpiki. Ndipo Waziri alipotangaza, mwezi wa Desemba 1999, kwamba riadha itaondolewa Wembley na kutafutiwa mahali pengine, na Chama cha Mpira kikakubali kurudisha pauni milioni 20. Kamati ya Bunge ikaja juu na kumlaumu Waziri kwa jinsi alivyolikata shauri hilo. Mazungumzo juu ya kurudisha zile milioni 20 nayo yalichukua miaka.

Mtu aliyefanya kazi ya ukarani atalifahamu jambo hili bila kuelezwa sana. Faili ikiisha kutiwa sahihi, kila mtu huenda nyumbani akidhani kazi imekwisha. Kumbe sahihi ile ina sharti, na sharti lina maana mbili, na kila upande umechukua maana yake. Waziri aliona amenunua kiwanja cha michezo yote. Chama cha Mpira kiliona kimepewa kiwanja cha mpira. Watu wa riadha hawakuwa na sahihi yao popote.

Riadha ikatafutiwa mahali paitwapo Picketts Lock, kaskazini ya London, ambapo mashindano ya dunia ya mwaka 2005 yangefanywa. Mwaka 2001 Serikali iliona gharama zake ni kubwa mno, ikaliacha shauri hilo, ingawa London ilikuwa imekwisha kupewa mashindano. Hiyo ilikuwa aibu kubwa. Mashindano yakapelekwa Helsinki, na huko ndiko Mkenya Benjamin Limo alikoshinda mbio za mita 5,000, na Dorcus Inzikuru wa Uganda akashinda mbio za kuruka vizuizi na maji.

Huku nyuma, Wembley yenyewe haikuwa na mkopo. Mwishoni mwa mwaka 2000 benki iliyokuwa imepewa kazi ya kukusanya pauni zaidi ya milioni 400 haikupata wakopeshaji wa kutosha. Wenye fedha waliona gharama ni kubwa na mabwana ni wengi. Bwana Ken Bates, aliyeongoza kampuni ya kiwanja na ambaye ulimi wake haukuwa na kitambaa, alijiuzulu mapema mwaka 2001. Mwezi wa Mei mwaka huo Chama cha Mpira kilikwenda Serikalini kuomba msaada zaidi. Serikali ilikataa, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu na watu walikuwa bado wakinung'unika juu ya hasara ya jengo la Dome la Greenwich. Badala yake ikamwomba Bwana Patrick Carter achunguze kama kiwanja cha taifa chahitajika hata kidogo, na kama chahitajika, kiwe wapi.

Mara Birmingham ikarudi na maombi yake. Wabunge wa sehemu ile walisema nchi si London peke yake, na kwamba mtu wa Newcastle au wa Liverpool hutumia siku nzima njiani kwenda Wembley. Kwa maoni yangu hawakuwa na makosa. Lakini fedha zilikuwa zimekwisha kutumika kununua ardhi ya Wembley, na ardhi haichukuliwi kwa gari moshi kupelekwa kwingine. Mwezi wa Desemba 2001 waziri mpya, Bibi Tessa Jowell, aliliambia Bunge kwamba Wembley itangulizwe ikiwa itatimiza masharti, na Birmingham ingoje mlangoni. Kukawa na uchunguzi mwingine tena, juu ya jinsi kontrakta alivyochaguliwa. Hatimaye, mwezi wa Septemba 2002, mapatano yalitiwa sahihi: benki ya Kijerumani iitwayo WestLB ilitoa mkopo wa zaidi ya pauni milioni 400, na fedha za umma zikawa milioni 161 kwa jumla, yaani milioni 120 za bahati nasibu, milioni 20 za Serikali, na milioni 21 za shirika la maendeleo la London. Gharama yote ilihesabiwa kuwa pauni milioni 757. Kati ya mchezo wa mwisho na sahihi hiyo hakuna hata kikombe kimoja cha fainali kilichochezwa Wembley. Fainali za Kombe la F.A. za mwaka 2001 hadi 2006 zilichezwa Cardiff, katika nchi ya Wales, ambayo ni nchi ndogo kuliko Uingereza lakini iliyokuwa imemaliza kiwanja chake mwaka 1999. Waingereza waliokwenda huko mwaka baada ya mwaka hawakukosa kutaniwa.

Minara ilibomolewa mwaka 2003, na wazee wengi walikwenda kuitazama ikianguka. Kontrakta mkubwa, kampuni ya Multiplex ya Australia, alikuwa amekubali bei moja isiyobadilika, pauni milioni 445. Bei ya namna hiyo humpendeza mwenye nyumba, lakini humfanya fundi atafute pa kuponea. Mwaka 2004 tao kubwa la chuma liliinuliwa, refu futi 436 kutoka chini; na mwaka ule ule Multiplex waligombana na kampuni ya Cleveland Bridge iliyoshughulika na chuma. Kampuni hiyo ikaondoka, wafanya kazi wengi wakapoteza kazi, na kesi zikaenda mahakamani kwa miaka kadhaa. Mwezi wa Machi 2006 pao moja la paa liliteleza, na wafanya kazi wapatao elfu tatu wakaamriwa watoke nje. Kisha ikaonekana mabomba ya maji machafu yaliyofukiwa chini yamepinda. Fainali ya mwaka huo, iliyokuwa imeahidiwa Wembley, ilikuwa imekwisha kupelekwa Cardiff tena.

Tarehe 24 Machi 2007 vijana wa Uingereza walicheza na vijana wa Italia, na kabla ya nusu dakika kwisha Giampaolo Pazzini wa Italia alikuwa amekwisha kufunga goli la kwanza la kiwanja kipya. Mchezo uliisha tatu kwa tatu. Tarehe 19 Mei Chelsea waliwafunga Manchester United moja kwa sifuri katika fainali, goli la Didier Drogba wa Ivory Coast. Viti ni 90,000, nguzo hazimzuii mtu kuona, na vyoo, ambavyo vililalamikiwa sana zamani, ni 2,618.

Deni lilibaki. Mwaka 2018 tajiri mmoja wa Marekani, Bwana Shahid Khan, alitaka kukinunua kiwanja kwa pauni milioni 600, na Chama cha Mpira kilisema fedha hizo zingejenga viwanja vidogo vya watoto nchini kote. Wengine walisema nyumba ya taifa haiuzwi, na tena ilijengwa kwa fedha za umma. Ubishi ulikuwa mkali hata Bwana Khan akaondoa maombi yake mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Na riadha? London ilipewa Olimpiki ya mwaka 2012, na kiwanja kingine kabisa kilijengwa Stratford, upande wa mashariki ya mji, kwa fedha nyingine kabisa. Huko, jioni ya tarehe 9 Agosti, Mkenya David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Jioni hiyo hiyo Wembley nayo ilikuwa imejaa watu: wanawake wa Marekani na wa Japani walikuwa wakicheza fainali ya mpira.