Je, Wajua? Uchawi Unaosomwa, Kunakiliwa na Kulipiwa

Je, wajua kwamba mchawi anayeanza safari yake katika Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 alikuwa na tamko moja tu la uchawi kwa siku nzima? Moja. Akishalitamka, limemtoka kichwani, na mpaka siku iliyofuata alibaki mtu dhaifu mwenye kisu mkononi. Kuhani alikuwa na hali ngumu zaidi: ngazi ya kwanza hakupewa hata hilo moja.

Mchezo huo uliandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo la mwanzo lilichapishwa nakala 1,000. Huchezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Msimamizi hueleza pango au mji walioufikia wahusika, kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na pale matokeo yasipojulikana, dadu hutupwa. Shujaa mwenye upanga anaweza kupiga kutwa. Mchawi hawezi, na sababu yake ilitoka katika hadithi ya kubuni.

Mwaka 1950 Jack Vance, aliyewahi kuwa baharia wa meli za biashara, alitoa kitabu The Dying Earth, kuhusu dunia ya siku za mwisho ambayo jua lake linakaribia kuzimika. Wachawi wake huyashindilia matamko kichwani kwa jitihada kubwa kutoka katika vitabu vizito, na hata mchawi aliyejifunza sana habebi zaidi ya matamko manne makali au sita mepesi kwa wakati mmoja. Tamko likitoka mdomoni, limetoka na akilini. Gygax aliichukua kanuni hiyo, na mwaka 1979 akamtaja Vance katika orodha ya waandishi waliomwathiri. Wapenzi wa mchezo wanalijua pia jina la Vecna, mchawi mwovu ambaye mkono wake na jicho lake vilianza kutajwa katika vitabu vya sheria mwaka 1976. Zipange upya herufi za jina hilo, utampata Vance.

Wapo wanaoichukia kanuni hii. Kwao, kusahau tamko ulilolitumia mchana uleule ni jambo lisiloingia akilini. Mimi naiona kuwa ndiyo iliyompa mchawi wa mezani uhai wake. Asubuhi, kabla hajajua atakutana na nini, lazima aamue: abebe moto, usingizi wa kuwalaza maadui, au nuru ya kumulika handaki? Akikosea, wenzake wote watajua kabla jua halijatua. Uchaguzi huo peke yake hutosha kuwafanya watu wanne wabishane nusu saa kwa furaha.

Je, wajua kwamba kusoma tu kulipangiwa muda? Katika sheria za mwishoni mwa miaka ya 1970, mchawi alihitaji dakika 15 kwa kila daraja la tamko alilotaka kuliweka kichwani. Madaraja yalikuwa tisa, kwa hiyo tamko moja la daraja la juu kabisa lilidai saa mbili na robo juu ya kitabu, tena baada ya kupumzika saa 12. Mchawi mkubwa aliyemaliza akiba yake yote angeweza kuhitaji zaidi ya siku nzima ya kusoma ili airudishe. Maadui, bila shaka, hawakuwa na sababu ya kumsubiri.

Na hata kabla ya kusoma, ilibidi ajulikane kama ana uwezo wa kulielewa tamko lenyewe. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa na jedwali la akili. Mwenye akili ya alama 9 alikuwa na nafasi ya asilimia 35 kulielewa tamko lolote, na asingeweza kujua zaidi ya sita katika daraja moja. Mwenye alama 18 alipewa asilimia 85 na kikomo cha matamko 18. Dadu zikikataa, tamko ulilolitamani tangu mwanzo lilikupita, ukajenga mchawi wako kwa yale uliyojaliwa. Wachawi wawili waliosoma kwa mwalimu mmoja waliweza hivyo kuishia na elimu tofauti kabisa, jambo ambalo sheria za baadaye, kwa upole wake, zimelipunguza mno.

Kitabu chenyewe ndicho kilicho na habari tamu zaidi. Katika toleo la mwaka 2003, kitabu cha mchawi kina kurasa 100, na kila tamko hula kurasa kulingana na daraja lake. Tamko mashuhuri la mpira wa moto, la daraja la tatu, huchukua kurasa tatu. Wino wa kuliandika hugharimu sarafu 100 za dhahabu kwa kila ukurasa, na kazi huchukua siku nzima. Ukitaka kunakili kutoka kitabu cha mchawi mwingine, kwanza uufumbue mwandiko wake, kwa sababu kila mchawi huandika kwa namna yake. Kisha umlipe mwenye kitabu: kwa kawaida sarafu 50 kwa kila daraja. Elimu hapa ni mali, ina bei yake sokoni, na mwenye nayo hujifikiria mara mbili kabla ya kumfungulia mgeni kurasa.

Gombo la uchawi lina sharti lake pia. Ukilinakili tamko lililomo, maandishi hufutika kwenye gombo; uchawi umehama, haukuzaana. Kitabu cha mwenzako, kwa upande mwingine, hubaki kama kilivyokuwa.

Je, ukiibiwa kitabu? Katika toleo hilo, mchawi wa kawaida aliyepoteza kitabu chake anaweza kuandaa kwa kumbukumbu tamko moja tu: lile la kusoma maandishi ya uchawi. Sijaona sheria iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo. Aliyenyang'anywa kila kitu ameachiwa uwezo wa kusoma, na kwa huo anaweza kuanza upya kwenye vitabu vya wengine.

Toleo la mwaka 2014 lilishusha gharama. Mpira wa moto sasa hunakiliwa kwa saa sita na sarafu 150. Nakala ya akiba ya kitabu chako mwenyewe ni rahisi zaidi, saa moja na sarafu 10 kwa kila daraja. Mchezaji mwenye busara huiandika mapema na kuificha mbali na begi lake. Toleo hilo pia liliondoa ule usahaulifu wa Vance: mchawi huandaa orodha yake asubuhi, kisha hutumia nafasi za nguvu alizonazo kutamka lolote katika orodha hiyo, hata mara mbili tatu.

Si wote wanaosoma. Makuhani hupata uchawi kwa sala, wala hawana kitabu cha kuibiwa. Manju huuchota katika muziki. Tangu mwaka 2000 yupo pia mchawi wa kuzaliwa nao, aliyeurithi damuni: anajua matamko machache, lakini hana haja ya kuyaandaa. Mwingine hufunga mkataba na kiumbe chenye nguvu, na huweza kuzawadiwa kitabu ambacho hakukiandika.

Sasa tazama viungo ambavyo matamko hudai. Kwa tamko la radi, sheria hutaka kipande cha manyoya na kijiti cha kaharabu, fuwele au kioo. Sugua manyoya kwenye kaharabu halisi utapata umeme tuli, kama Wagiriki wa kale walivyogundua. Mpira wa moto hudai salfa na kinyesi cha popo. Salfa ni kiungo kimojawapo cha baruti, na kinyesi cha popo kiliwahi kuchimbwa mapangoni kwa ajili ya shura, kiungo kingine cha baruti hiyohiyo. Waandishi wa sheria hizi walikuwa wamesoma sayansi yao.

Je, wajua kwamba baadhi ya matamko yamehifadhi kumbukumbu ya watu halisi waliokaa kwenye meza za mwanzo? Mordenkainen alikuwa mhusika wa Gygax mwenyewe. Tenser ni herufi za Ernest, jina la mwanawe, zilizopangwa upya. Drawmij ni Jim Ward, mwandishi wa michezo, akisomwa kutoka nyuma. Kila mara mchezaji wa leo anapoandika tamko la Tenser kwenye karatasi yake, anaandika jina la kijana aliyecheza nyumbani kwa baba yake miaka ya 1970.

Mchezo uliolitukuza somo kupita yote, kwa maoni yangu, ni Ars Magica wa mwaka 1987, wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Umewekwa Ulaya ya karne ya 13, na wachawi wake hutumia Kilatini. Wana vitenzi vitano (kuumba, kutambua, kugeuza, kuharibu na kutawala) na nomino kumi, kama moto, maji, mwili na akili. Ukiunganisha kitenzi na nomino umepata uchawi: michanganyiko 50 kwa jumla. Mwanafunzi hukaa kwa mwalimu miaka 15. Baada ya hapo, mwaka wake hugawanywa majira manne, na kila msimu ana kazi moja: kusoma kitabu, kufundisha, kuandika, au kufanya utafiti katika maabara yake. Kuna kitabu kikuu kinachomfikisha msomaji kiwango fulani na kuishia hapo, na kuna risala fupi ambayo husomwa kwa faida mara moja tu. Hata kumbukumbu za maabara huandikwa kwa vifupisho vya mwenyewe, na mrithi wake hulazimika kukaa msimu mzima au zaidi akizifasiri. Ukicheza hivyo kwa miaka, hazina kubwa ya kundi lenu ni maktaba, na vita huweza kuzuka kwa ajili ya kitabu kimoja. Tweet huyohuyo alikuwa miongoni mwa watunzi wakuu wa Dungeons & Dragons ya mwaka 2000, ambayo nayo ilihesabu kurasa na wino.

Kuna mchezo mmoja ambamo kusoma kwenyewe ni hatari. Katika Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981, wahusika ni watu wa kawaida, wengi wao wapelelezi na wasomi. Uchawi umo vitabuni, na kitabu kimoja huweza kuchukua majuma mengi kukimaliza. Kila kitabu cha namna hiyo humpunguzia msomaji utimamu wa akili na kumwongezea maarifa ya viumbe wa kutisha. Hesabu yake ni fupi: kiwango cha juu cha utimamu ambacho mhusika anaweza kuwa nacho ni 99 ukitoa maarifa hayo. Aliyefikisha maarifa ya 40 hatapona kupita 59, hata atibiwe na daktari bora wa mji mzima.