Gitaa likipiga mluzi, tusikimbilie patasi

Wapigaji gitaa wenzetu hapa ughaibuni wana ubishi usiokwisha: pikapu ifungwe vipi ili gitaa la umeme litoe mlio mzuri? Hatuzungumzii gari, bali kile kinasa chenye sumaku na waya kilicho chini ya nyuzi.

Njia ziko kadhaa. Katika Fender Stratocaster, gitaa lililotoka mwaka 1954, pikapu huning'inizwa kwenye bamba la plastiki. Gibson Les Paul nyingi tangu 1957 huzishika kwa fremu. Marehemu Eddie Van Halen yeye aliikaza yake moja kwa moja kwenye mbao, na wengi wakamuiga.

Lakini pikapu haisikilizi mbao. Inachonasa ni mtikisiko wa nyuzi mbele ya sumaku. Ikicheza yenyewe, mlio hubadilika kidogo, na sauti ikipandishwa inaweza kupiga mluzi. Chenye athari kubwa zaidi ni kimo chake: ikisogea karibu na nyuzi sauti hupata nguvu, ikikaribia mno sumaku huzivuta na noti zikayumba.

Mwenzetu mmoja alikuwa tayari kulipa fundi alichonge gitaa alilokuja nalo kutoka nyumbani, kumbukumbu pekee ya bendi yao. Tukamsihi asubiri. Tukafungua, tukakuta springi zimelegea. Tukaweka mpya, tukashusha pikapu kidogo, mluzi ukakoma.

Skrubu hurudishwa ilipokuwa. Mbao ikishachongwa, basi.