Umekula ngapi? Somo la malipo kutoka hoteli ya samaki Mokowe

"Huko Mokowe kuna sushi?" Binamu yangu wa Nairobi aliniuliza hivyo kwa WhatsApp siku niliyomwambia naenda Lamu kwa kazi. Nikamjibu kwamba sushi hakuna, lakini samaki aliyevuliwa alfajiri yuko, na wali wake umepikwa kwa tui la nazi. Akacheka. Mimi nilipofika sikucheka sana, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu kweli lakini nilikaribia kuondoka bila kukilipia, na wakati huo simu yangu inasema nimelipa.

Ngoja nikueleze, kwa sababu jambo hili linaweza kumpata yeyote anayelipa chakula kwa simu.

Kama hujawahi kufika, Mokowe ndiyo mlango wa Lamu kutoka bara. Basi la Mombasa linakomea hapa. Ukishuka unabeba mzigo wako hadi jeti, unapanda boti na kuvuka kwenda kisiwani, kwenye Mji wa Kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni wengi wanaiona jeti tu na kupita. Lakini makao makuu ya Kaunti ya Lamu yako papa hapa Mokowe, na bandari mpya ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 iko Kililana, si mbali. Ndiyo maana ikifika saa saba mchana hoteli ndogo za karibu na jeti zinajaa: karani wa kaunti, dereva wa lori, mvuvi aliyeuza mapema, na abiria kama mimi aliyekaa kwenye basi usiku kucha.

Meza isiyo na menyu

Hoteli niliyoingia ina meza nne, mabenchi, na ndoo ya maji yenye mfereji ya kunawia mikono. Menyu hakuna. Unamuuliza mama mwenye hoteli kuna nini leo, naye anakwambia kilicholetwa: leo changu, kesho tafi, siku nyingine pweza. Mimi nilipata changu wa kupaka. Samaki huyo anachomwa juu ya makaa, huku akipakwa tui zito lenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, anageuzwa, anapakwa tena, mpaka rojo linashika ngozi na kuanza kuungua pembeni. Anakuja na wali wa nazi, kachumbari na kipande cha ndimu. Unakula kwa mkono, miiba unaiweka kando ya sahani.

Kabla ya samaki kuiva, mezani kuna sinia la mahamri na bajia. Hakuna anayekuhudumia hapo, unachukua mwenyewe. Ukimaliza, mama anauliza swali moja tu: "Umekula ngapi?" Unalojibu ndilo unalolipia.

Hapo ndipo nilipokumbuka sushi ya binamu yangu. Huko Osaka, Japani, mwaka 1958, mfanyabiashara aitwaye Yoshiaki Shiraishi alifungua mkahawa ambamo visahani vya sushi vinapita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka. Unachukua unachotaka, na mwisho wa mlo visahani ulivyorundika mezani vinahesabiwa. Mikahawa mingi ya aina hiyo hutofautisha bei kwa rangi ya kisahani, kwa hivyo hakuna ubishi. Mokowe hakuna kisahani wala rangi. Ushahidi uko tumboni, na mama anategemea neno lako.

Mimi nilijibu: mahamri matatu na bajia saba. Hesabu ikawa hivi: samaki na wali 350, mahamri 30, bajia 70, chai 30. Jumla shilingi 480.

Meseji imeingia, pesa hazijafika

Mfukoni nilikuwa na noti ya 200 tu, na hiyo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya boti. Nikamwambia mama nitalipa kwa simu. Wakati huo hakuwa na till, alikuwa anapokea kwenye namba yake ya kawaida. Akanitajia namba kwa mdomo huku anageuza samaki, na nje kijana wa boti anaita abiria kwa sauti: wawili tu tuondoke! Nikaandika namba haraka. Jina likatokea kwenye skrini. Sikulisoma. Nikabonyeza, nikaweka PIN, meseji ikaingia. Nikasimama.

"Simu yangu haijalia, mwanangu," mama akasema.

"Mama, imeenda. Tazama hii meseji."

Akafuta mikono, akaichukua simu yangu na kusoma polepole. Kisha akanirudishia. "Huyu si mimi."

Tulipolinganisha tarakimu, mahali pa saba mimi nilikuwa nimeweka moja. Sauti ya saba na makelele ya jeti, basi. Pesa zimekwenda kwa mtu nisiyemjua, na salio langu limebaki shilingi 61.

Wenzake wawili waliokuwa wamekaa nje wakageuka kunitazama, na nikajua wanafikiria nini. Wiki mbili kabla ya hapo, vijana wanne walikula hapo, wakamwonyesha mama meseji ya malipo kwenye simu yao, wakaondoka na boti. Jioni alipoangalia salio, hakuna kitu kilichoingia. Shilingi 1,400. Kwa hoteli ya meza nne, hizo ndizo pesa za kununulia samaki wa kesho yake. Sasa nami nimesimama mbele yake na begi mgongoni, nikimwonyesha meseji.

Nilitamani anizuie, angalau nionekane ninajali. Yeye akasema tu: "Nenda, usije ukaachwa na boti. Ndia ni hii hii, utarudi."

Nilichofanya kwenye boti

Nilipokaa tu, nikafanya jambo la kwanza ambalo kila mtumiaji wa M-Pesa anafaa kulijua: nikaituma meseji nzima ya muamala, kama ilivyo, kwenda namba 456, kuomba pesa zirudishwe. Sikumpigia yule mtu kumbembeleza. Kupiga simu kunakula muda, na muda ndio kila kitu hapo, kwa sababu pesa zikishatolewa au kutumiwa hakuna cha kurudisha. Kwangu zilikuwa zimeshatolewa. Ombi halikufaulu. Shilingi 480 zimekwenda.

Nikiwa bado majini nikahesabu tena nilichokula, na kumbe mahamri yalikuwa manne. La nne nililila nikiwa nasubiri wali, huku nikisoma simu. Kwa hivyo hata neno langu halikuwa sahihi.

Siku ya tatu nilirudi Mokowe kupanda basi. Nilikwenda moja kwa moja hotelini na shilingi 490 mkononi. Mama akahesabu, akanitazama. Nikamwambia mahamri yalikuwa manne. Akacheka mpaka akaketi. Kisha akaniuliza swali la kazi: "Wewe si ndio watu wa malipo ya simu? Hiyo till watu wanayoisema, inapatikana vipi?" Tukakaa karibu saa nzima tukizungumza. Sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ndiyo haya hapa chini.

Ukiwa mlaji

*Lipa kabla ya kusimama.* Makosa mengi hutokea mtu akiwa tayari na begi mgongoni. Ukijua boti au matatu inakusubiri, omba bili ukiwa na chai mkononi.

*Soma jina, usisome namba peke yake.* Kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji linaonekana. Liseme kwa sauti: "Mama, wewe ni fulani?" Akikataa, ghairi. Haikuchukui hata sekunde kumi.

*Namba ya kutajiwa, isome tena.* Mrudishie mwenyewe tarakimu mbili mbili. Saba na moja, sita na tisa, zinapotea kwenye kelele.

*Usiondoke mpaka simu yake ilie.* Meseji iliyo kwako ni yako. Malipo yamekamilika pale mpokeaji anapoyaona kwake. Mtandao ukichelewa, subiri naye.

*Ukikosea, tuma ombi la kurudishiwa papo hapo.* Usiifute meseji. Kama unatumia mtandao mwingine, uliza mapema utaratibu wao ni upi, usisubiri siku ya shida.

Ukiwa mwenye hoteli

*Usikubali kusoma simu ya mteja kama ushahidi.* Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na inaweza kuwa ya jana. Angalia simu yako. Meseji halisi ya M-Pesa inaingia kwa jina MPESA, haitoki kwenye namba ya mtu.

*Hakikisha salio limepanda.* Meseji ya bandia inaweza kuingia hata kwenye simu yako. Salio lako halidanganyi. Kuliangalia, piga *334# au fungua programu ya simu.

*Akikupigia mtu kusema amekutumia kwa makosa, usimrudishie wewe mwenyewe.* Angalia salio kwanza. Kama kweli pesa zimeingia, mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtandao. Matapeli wanapenda kutuma meseji ya uongo, kisha wanakulilia uwatumie pesa zako halali.

*Tenganisha pesa za hoteli na za nyumbani.* Ukitumia till au Pochi la Biashara, mauzo hayachanganyiki na pesa za ada ya mtoto, na jioni unajua umeuza kiasi gani.

*Andika namba ukutani, kubwa, pamoja na jina litakalotokea kwenye skrini.* Mteja akiona namba na jina hapo hapo, hahitaji kukisikiliza kitu katikati ya makelele.

Neno la mtu na meseji ya simu

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, tumezoea kusema "nimetuma" kama vile kutuma na kufika ni kitu kimoja. Mara nyingi inakuwa hivyo, na ndiyo maana siku isipokuwa hivyo tunashtuka. Lakini hoteli kama ile ilikuwa inaendeshwa kwa "umekula ngapi?" kabla ya simu kuja, na bado inaendeshwa hivyo. Tapeli mwenye meseji ya bandia hamwibii mama 1,400 peke yake. Anamfanya amtazame kwa shaka mteja anayefuata, hata yule aliyekosea tarakimu moja tu. Mimi nilisamehewa. Wa baada yangu huenda asisamehewe.

Nilipopita tena Mokowe mwezi uliofuata, ukutani karibu na ndoo ya maji palikuwa na namba ya till kwa rangi ya buluu, na jina la mama chini yake. Nikala tafi safari hii. Nikanawa mikono, nikasoma jina kwa sauti, nikalipa nikiwa nimekaa. Simu yake ikalia juu ya meza, kando ya sinia la mahamri.

"Umekula ngapi?" akaniuliza, ingawa nilikuwa nimeshalipa.

"Manne, mama."

"Haya. Leo umehesabu."

Je, umewahi kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi, au kuonyeshwa meseji ya uongo? Tuandikie hapa chini yalikuwaje na ulifanya nini. Na leo, kabla hujafunga ukurasa huu, hifadhi 456 kwenye simu yako, umtumie pia mtu mmoja unayemjua anayeuza chakula.